Siku Niliyomtetea Shangazi

Miaka ile ya wakimbizi wa Burundi, Kigoma nzima tulizungumza kama watabiri wa hali ya hewa. Watu walikuwa wamefurika, wamemiminika, wimbi jipya limepiga ufukwe wa Kagunga. Hakuna aliyesema kwamba mama mmoja ameshuka mtumbwini na watoto watatu na sufuria. Mimi, mwenye shahada, niliyaandika maneno hayo hayo gazetini na kujiona mchambuzi.

Kisha ikaja zamu yetu ya kuandikishwa vitambulisho. Nilimsindikiza shangazi yangu, mkulima aliyezaliwa hapa hapa kabla ya uhuru. Tulikuwa na mkamwana wake, aliyekuja kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa na binamu yangu. Ndiye aliyembebea shangazi mwavuli na kigoda. Bila kitambulisho shangazi angehesabiwa mgeni, na wageni tulishawaona wakipakiwa kwenye malori kurudishwa mpakani.

Mimi nilipita kwa dakika mbili. Kiswahili changu kilishaoshwa Dar es Salaam. Shangazi alipofika mezani aliinama, akapiga makofi taratibu kama sisi Waha tunavyosalimia. "Mwakeye, mwanangu."

Ofisa, kijana kutoka mkoa mwingine, hakumwamkia. Alimkazia macho puani.

"Salamu ya Bujumbura hii. Bibi, ulivuka lini?"

"Nivuke nini? Mtaro wa hapo nje?"

Foleni ikacheka. Ofisa akaisukuma fomu pembeni. "Nyie mnajulikana tu, hata mkijificha. Kwa sura hizi!"

Hapo ndipo nilipaswa kumuuliza nani alimfundisha kusoma uraia kwenye pua ya mtu. Hasira nilikuwa nayo, na Kiswahili cha kuisema nilikuwa nacho. Badala yake nilijisogeza, nikatabasamu, nikamwita kijana wa rika la mwanangu 'mheshimiwa'.

"Mheshimiwa, huyu si kama wale. Sisi ni Waha halisi. Wale ukiwaona tu utawajua, wana ujanja ujanja wao."

"Ungesema mapema, mzee," akajibu, akapiga muhuri.

Nimemchukia kijana yule miaka yote hii, na bado namchukia kwa moyo mkunjufu. Alimdhalilisha mwanamke wa umri wa bibi yake mbele ya watu, kisha akaenda kunywa chai. Lakini yeye alikuwa na muhuri tu. Hoja nilimpa mimi, tena kwa sarufi safi.

Mkamwana alikuwa amesimama hatua moja nyuma yangu. Alimrekebishia shangazi khanga begani, kana kwamba hakusikia.

Shangazi alisikia. Tulipotoka nje alisimamisha bodaboda, akampandisha mkamwana kwanza, halafu akapanda mwenyewe. Nikauliza mimi nitafute nyingine au nisubiri.

"Wewe tembea, baba," alisema. "Umeongea vizuri sana leo. Kesho uje uwasaidie pale mezani."