Moshi wa Msibani

Jirani yangu wa Katubuka, mama mtu mzima, amefariki dunia. Kifua kilikuwa kimemtesa muda mrefu, na ninyi wasomaji wangu wa huku kwetu mnajua kiangazi kikikolea vifua vinakuwaje. Watu wakishavuna mahindi na maharage, kila mmoja anawasha moto wake. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa inapotea, nguo tulizoanika zinanuka moshi, nasi tunakohoa usiku kucha na kukipambazuka tunasingizia vumbi. Marehemu hakusingizia vumbi. Alikuwa mkorofi, niseme ukweli, na kila aliyewasha moto, yeye alimsema hadharani bila kumung'unya maneno.

Siku moja alikuwa ameanika dagaa uani. Jirani wa nyuma akachoma maganda ya maharage, upepo ukaleta majivu, dagaa wote wakawa weusi. Marehemu hakupiga kelele. Aliwakaanga vilevile, akasonga ugali, akabeba sahani mpaka kwa yule bwana, ambako mimi nilikuwa nimekwenda kuazima jembe. "Shikamoo, mama," bwana akasema, macho kwenye sahani. "Marahaba, mwanangu. Karibu ule. Umeshawaunga mwenyewe, mimi nimekaanga tu." Bwana akacheka kwa aibu. "Mama nawe! Sasa shamba lisisafishwe?" Akamjibu, "Unasafisha kwako unachafua kifuani kwangu. Usichome, nipe mimi." Na kweli tangu siku ile aliyachukua. Maganda alimpelekea mtu mwenye mbuzi, mabua akayalaza shambani kwake kukinga mteremko mpaka yakaoza, na mvua zilipokuja udongo wake ulibaki mahali pake.

Mnadhani tulimshukuru? Tulimwita mchafu. Tulipita pale tukibinua midomo, shamba gani hili limejaa takataka kama jalala. Maana kwetu shamba safi ni lile jeusi tititi, ambalo hata mjusi hana pa kujificha. Inanitia kinyaa. Kwenye kikao cha mtaa alisimama akaomba jambo moja tu, apumue kiangazi hiki, na sisi wote, wakulima na watumishi wa ofisini, tukampigia makofi na kukubaliana kuacha. Jioni yake moshi ulipanda kutoka nyumba za wale wale waliopiga makofi. Nilipomuuliza mmoja wao, aliniambia bila haya kwamba rundo lake lilikuwa dogo.

Siku ya mazishi wanaume wa ukoo waliamka kusafisha mazingira, kwa kuwa wageni wanakuja. Wakayakokota mabua mapya aliyoyalaza shambani kwa mikono yake, wakayarundika pembeni ya nyumba, wakayatia moto. Jeneza bado lilikuwa sebuleni. Moshi ukaingia ndani mpaka waombolezaji tukatoka mbio, tunakohoa, machozi yanatuchuruzika. Mashemeji waliofika kwa boti kutoka Mwamgongo walitukuta katika hali hiyo, na mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni: "Kweli mama huyu alipendwa." Binti wa marehemu, ambaye naye ana kifua kama cha mama yake, alitoka na ndoo ya maji akaimwaga kwenye moto. Mjomba wake akamkemea kwamba anaiaibisha familia mbele ya wageni. Binti alishindwa kuzungumza kwanza, pumzi zilimkatika. Kisha akasema, "Mjomba, si mngesubiri basi tumzike?"

Lakini kusubiri mazishi kusingesaidia kitu, kwa sababu binti ndiye anayebaki kwenye nyumba ile, na kiangazi hakijaisha. Yako mashamba mengi bado hayajachomwa. Wenye mbuzi wapo, miteremko inayohitaji kukingwa ipo, na shimo la mboji halidai ufundi wowote. Anayeshindwa hayo yote, basi kabla ya kuwasha kiberiti apige hodi kwa jirani na amuulize uso kwa uso, "Nyumbani kwako nani ana kifua?" Akiona aibu kuuliza, kiberiti akirudishe jikoni.