Kocha wa gofu Guangzhou kaniambia nitangulize kiuno, mwili ukagoma mbele ya mwanaume wa Mombasa

Wakuu, salamu nyingi kutoka huku Guangzhou kwenye joto la kushikika kwa mkono.

Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe na sijaongeza chumvi hata punje. Nayaandika kwa sababu hadi leo nikikumbuka nashika mdomo. Mtakaoona ni chai, yaani nawadanganya, piteni kimya kimya.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni mwanamke wa Tanga, mtu mzima, mama wa watoto. Nanunua vitambaa soko la Zhongda, nafungasha, natuma Kariakoo. Nimepanga chumba Xiaobei, pale ambapo ukipiga chafya kwa Kiswahili lazima mtu akuitikie.

Ninao mchoro wangu wa kitenge. Nimeuchora kwa mkono wangu: machungwa ya Muheza yaliyokatwa katikati, majani yake pembeni. Anayenichapia ni mwenye kiwanda mmoja, sote tunamwita Laoban, maana ndiyo bosi kwa Kichina.

Ule mchoro umenitoa, wakuu. Akina mama wa Kariakoo wanauliza "machungwa yamefika?" hata kabla hawajanisalimia.

Sasa akatokea Mbarak, mfanyabiashara wa Mombasa, akautaka mchoro uleule aupeleke kwao.

Mnaojua vitambaa mnaelewa maana yake. Mchoro ukishakuwa mikononi mwa watu wawili, mpaka wa Horohoro hauuzuii. Msimu mmoja tu ungekuwa umezagaa kila kibanda, na mimi nimebaki na jasho langu. Na sikuwa na mkataba wa kunilinda. Neno la Laoban ndilo lilikuwa kila kitu.

Na Laoban maneno yake mazito hayasemei ofisini. Anayasemea kwenye gofu.

Msifikirie uwanja mkubwa wenye nyasi na mabwawa. Ni driving range, sehemu ya mazoezi tu. Unasimama kwenye zulia la plastiki, unapiga mipira kuelekea kwenye nyavu. Kila Jumapili yuko pale na wateja wake. Anayepiga anasimama naye mbele, wanaongea. Asiyepiga anakalishwa viti vya nyuma, anamiminiwa chai.

Mimi nilishakalishwa kwenye chai. Nilimwona Mbarak kule mbele anacheka na Laoban, wanaoneshana simu, na kwenye ile simu naona rangi ya machungwa yangu. Chai ilinishinda kumeza.

Kesho yake nikatafuta kocha.

Kocha Liang ni kijana mwembamba, mpole. Kiingereza chake na Kichina changu vyote vinachechemea, lakini tulisikilizana.

Nilidhani gofu ni nguvu za mikono. Mimi nimeburuta marobota maisha yangu yote, mikono ninayo! Nikainua fimbo, nikaishusha kama natwanga kisamvu. Mpira ukajikunja kulia, ukagonga nguzo. Wa pili ukatambaa chini. Jioni mgongo unawaka moto.

Kocha akanirekodi, akanionesha. Jamani, niliona aibu. Mikono inahangaika peke yake, na kuanzia mabegani hadi magotini nimekakamaa kama nguzo ya umeme.

"Zhuan!" ndilo lilikuwa neno lake. Geuka! Akanipa zoezi: fimbo niilaze kifuani, mikono niikunje juu yake, halafu nigeuze mwili kulia na kushoto huku kichwa kimetulia. Uzito uende mguu wa kulia, kisha urudi wa kushoto. Mabega yakawa yanageuka kidogo. Huku chini, hakuna kitu.

Siku moja akasogea, akanyoosha mikono anishike nyonga anielekeze. Nilirukia kule! Fimbo ikaanguka. Maskini kijana akawa mwekundu, anaomba radhi kwa viganja vyote viwili. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo anavyowafundisha wote. Lakini mimi ni mimi.

Basi akatoa simu, akanichezea video ya mwanamke mmoja mtaalamu, polepole, akaisimamisha kabla fimbo haijafika kwenye mpira. Akanionesha kwa kidole. Nyonga imeshaelekea mbele. Kifua bado kipo nyuma. Mikono ndiyo ya mwisho kabisa.

Akaandika kitu kwenye app ya kutafsiri, simu ikasoma kwa Kiswahili: "Kiuno kitangulie. Kifua kisubiri. Usilazimishe, achia."

Nilishtuka mpaka nikageuka kutazama nyuma yangu.

Maneno hayo nilikuwa nayajua! Nimeambiwa hivyohivyo nikiwa mwari, ndani, mlango umefungwa, na somo wangu, yule mama aliyepewa kazi ya kunifunda. Wa Pwani mmeshanielewa. Wa bara, muulizeni rafiki yenu wa Pwani, naye hatawajibu.

Niliporudi chumbani nikafunga mlango, nikausukuma nione kama kweli umefunga. Nikachukua ufagio, nikasimama mbele ya kioo. Nikaigeuza nyonga kwanza, kifua nikakizuia, mikono nikaiacha ije yenyewe.

Ufagio ukapita hewani kwa mvumo.

Nilikaa kitandani nikicheka peke yangu, machozi yananitoka. Wiki zote zile nalipa nifundishwe kitu ambacho nilikitoa kwetu.

Sasa mtaniuliza, kama nilikijua, kwa nini kilikuwa hakitoki? Jibu ni aibu. Mwanamke wa Tanga aliyefundwa hachezeshi kiuno mbele ya wanaume hovyohovyo. Hiyo haiko kichwani tu, imeingia kwenye mifupa. Kesho yake nimesimama mbele ya kocha, nimejiambia achia mama, achia. Wapi! Nguzo ya umeme ileile. Chumbani na ufagio, tunaenda sawa. Mbele ya mwanaume, mwili unafunga duka.

Jumapili ikafika hivyo hivyo.

Nilivaa suruali pana, gauni refu juu yake na mtandio. Pale kulikuwa na Laoban, mkewe, Mbarak na Kocha Liang. Mke wa Laoban, ambaye tunamwita Laobanniang, naye alikuwa anajifunza, ila mumewe alikuwa anamcheka kila akipiga.

Nikapiga. Ukajikunja kulia. Nikapiga tena, ukatambaa. Laoban akanipa lile tabasamu la kumhurumia mtu, akageuka kwa Mbarak wakaanza mazungumzo yao. Na mimi masikio yangu nimeyaacha wazi. Nikasikia "chengzi". Chungwa. Nikasikia tena, chengzi.

Moyo ulinidunda hadi kwenye meno. Machungwa yangu yanagawiwa hatua chache kutoka niliposimama, mimi nina fimbo mkononi na mwili umegoma.

Kocha akanong'ona: "Yao, yao!" Kiuno, kiuno.

Nikainua macho. Na hapo ndipo nilipogundua kilichokuwa kinanifunga. Hakuwa Laoban. Hakuwa kocha. Wachina wale hata ningefanyaje wangeona gofu tu. Alikuwa Mbarak. Katika wanaume wote waliokuwepo, yeye ndiye mtoto wa Pwani. Yeye peke yake angejua ile nyonga imetoka wapi.

Naye ananitazama. Kichina anakijua vizuri kunishinda, neno la kocha alilisikia. Akaniangalia usoni, akaangalia fimbo, akaniangalia tena usoni.

Kisha, wakuu, yule mtu niliyekuwa namwita nyoka kwenye kila simu niliyopiga nyumbani, akaweka fimbo yake chini. Akageuka akanipa mgongo, akatazama barabara.

"Piga, dadangu," akasema. "Mie natizama magari huku."

Ushindani wote ule, na tulivyonuniana, halafu ananifanyia stara kama kaka wa tumbo moja!

Nikasimama sawa. Nikavuta fimbo, mabega yakageuka hadi mgongo ukaelekea nyavuni, uzito ukakaa mguu wa kulia. Halafu nikaachia. Nyonga ikatangulia, kifua kikasubiri, mikono ikaja yenyewe bila kuitwa.

Sikusikia kitu mkononi, ule mpira uliondoka laini. Ukaenda, ukaenda, ukagonga wavu wa mwisho kule juu.

Laoban alikuwa na kikombe mdomoni, hakunywa, hakukishusha. Kocha Liang mdomo wazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshtuka kuliko wote, nilitamani kuangalia kama kuna mtu mwingine nyuma yangu aliyepiga.

"Zai lai!" Laoban akapayuka. Rudia! Nikarudia. Ukaenda palepale. Nikarudia tena. Mbarak bado anatazama barabara, ila mabega yanamtikisika kwa kicheko, maana sauti ya mpira ilikuwa inamfikia.

Laoban akaja mbio. Nani kakufundisha hivyo? Kocha akatikisa kichwa haraka, si mimi. Laoban akasema: nifundishe hiyo, na machungwa nayachapa kwa ajili yako tu.

Wakuu, jiwekeni kwenye viatu vyangu. Kile nilichokililia kimeletwa mezani. Na bei yake ni kumfundisha mwanaume mambo ya ndani.

Sikupata hata muda wa kufikiri. Nikasikia mdomo wangu unasema: "Bu xing." Haiwezekani.

Sasa Zhongda ukisema bu xing, ndiyo mwanzo wa kupatana. Laoban akadhani nabana bei. Akaongeza: na michoro yako ijayo yote, hapewi mwingine. Nikasema bu xing. Akaongeza: na utakuwa wa kwanza kwenye mashine msimu wa sikukuu. Bu xing! Jasho linanitiririka, nasema moyoni, mwanamke wewe una wazimu, watoto wanasoma kwa hayo machungwa.

Mbarak ndiye aliyeniokoa tena. Bila kugeuka, akamwambia Laoban kwa Kichina kilichonyooka kwamba kwetu jambo lile wanawake hufundishana wao kwa wao, na halina bei ya kuongezwa.

Laoban alimtazama, akanitazama. Nadhani katika maisha yake hajawahi kuona mfanyabiashara kutoka Afrika anakataa oda nzuri. Alishtuka waziwazi, hata hakuficha.

Nikapata akili. Nikanyoosha kidole kwa mkewe. "Huyu nitamfundisha. Wewe, hapana."

Hakuna aliyemuuliza Laobanniang. Lakini kabla mumewe hajafungua mdomo, alikuwa ameshasimama, ameshachukua mkoba wake na mkono wangu ameshaushika.

Tulifundishana kwenye stoo ya vitambaa ghorofani kwao, tumefunga mlango, marobota yametuzunguka. Nilimfundisha ya gofu tu, kiasi chake. Tulicheka hadi tukakaa chini. Kwenye kuagana akaniuliza kuhusu machungwa, nikamweleza kila kitu. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Jioni ileile Laoban akanitumia ujumbe kwamba machungwa ni yangu, na nije kesho kuusaini mkataba.

Mbarak hakununa. Nimemchorea mchoro wake, karafuu na vikonyo vyake, hakuna mwingine atakayeuvaa ila wateja wake. Siku hizi namwita kaka, na lile jina la nyoka nimelifuta.

Nilichojifunza, kwanza kwa mnaopiga gofu: acheni kupambana na mikono. Mkikosa mzunguko wa mwili, msikimbilie kununua fimbo mpya, kaeni mbele ya kioo mjiulize mwili wenu unaogopa nini. Anzeni na nyonga, kifua kisubiri.

Pili, nilikuwa nimeshamhukumu mtu kabla sijamjua. Hilo limeniuma.

Wenye uzoefu wa gofu, au waliokutana na washindani wenye ustaarabu wa namna ile ugenini, uwanja wenu huo, mwageni yenu tusome.

Ila wanaume mnaotaka kujua somo wangu alinifundisha nini hasa, msihangaike kunifuata inbox. Jumapili iliyopita Laobanniang alimpita mumewe kwa mbali, mbele ya wateja wote. Laoban akaweka fimbo chini, akambembeleza mkewe amwambie siri. Yule mama akaiweka kofia yake sawa, akamtazama mumewe machoni.

"Bu xing."