Mtani wangu alivyokuja na ngazi kudai bati zake kwenye msiba wa mama

Heshima kwenu wakuu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe na chumvi sijaongeza. Nyumba nitakayoitaja bado ipo Kinole, na bati zake zipo, zimeshika kutu tu.

Juzijuzi nilipokea meseji kutoka namba nisiyoijua: "Fulani amekopa na hataki kulipa. Mwambieni alipe." Fulani mwenyewe ni mtoto wa dada yangu. Hawa jamaa wa mikopo ya simu wamechukua majina yote kwenye simu yake wakatutumia, mpaka fundi aliyemshonea suti ya harusi. Leo siku ya nne kijana kazima simu, na mama yake hali chakula.

Nilicheka kidogo, halafu nikaacha. Maana mimi nimedaiwa mbele za watu kuliko hivyo.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wakubwa wenzangu mnaikumbuka. Sabuni, khanga, redio, vitu tulivyozoea kupanga foleni, ghafla Moro mjini vimejaa madukani vinatuangalia. Foleni zikaisha, ila hela ya kununulia ndiyo ikawa haipo.

Mimi nilikuwa tarishi kwenye ofisi moja mjini, nimepanga chumba Mazimbu. Kazi yangu kusambaza barua na mafaili kwa baiskeli ya ofisi. Mshahara ukitoa kodi, unga na mafuta ya taa, unabaki na nauli ya kwenda Kinole kumuona mama. Ya kwenda tu, ya kurudi nilikuwa namwomba yeye.

Mama alikuwa anaishi peke yake kwenye nyumba ya nyasi. Masika kule mlimani haina mchezo. Alikuwa anahamisha kitanda kona hii kwenda ile, akifuata pasipovuja. Jirani yake alipoezeka bati, mama hakuniomba kitu. Ila kila nikienda ananiambia, "Kwa mwenzangu mvua ikinyesha inaongea." Nilimuelewa vizuri sana.

Ndipo nikaenda kwa Maganga.

Maganga alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Kwa msiojua, sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana, kukuvua kofia, hata kuja kuvuruga msiba wenu, na wewe ruhusa ya kukasirika huna. Nikimwambia "Shikamoo mtani," ananijibu, "Shikamoo ya Mluguru haijazi droo. Lete hela."

Akanikopesha bati ishirini na nne kwa mdomo tu. Hakuna karatasi, hakuna shahidi.

"Kila mwisho wa mwezi ulete kidogo," akasema. "Ukinikimbia nakuja kuzing'oa mwenyewe."

Nikacheka. Hilo ndilo tatizo la kukopa kwa mtani, hujui wapi utani umeishia na deni limeanzia.

Mama nikamwambia nimenunua kwa mshahara wangu. Akatangaza kijiji kizima: mwanangu kaniezeka. Mvua ya kwanza ilipopiga alikaa kwenye kigoda katikati ya chumba, kanga begani, anasikiliza. Nilimwambia akalale, akanipungia mkono ninyamaze. Wakuu, nikiikumbuka ile sura mpaka leo naona raha na aibu kwa pamoja.

Miezi mitatu nililipa bila shida. Baada ya hapo mshahara ukaanza kuchelewa, bei zinapanda kila ukilala, na ofisini tukaanza kusikia habari ya kupunguza watu. Mwezi wa nne sikupeleka kitu. Wa tano nikaona aibu kwenda mikono mitupu. Wa sita nikaacha kabisa kupita ile barabara.

Nikawa nazunguka mji mzima kwa baiskeli ili kufika posta. Barua zinachelewa, bosi ananifokea. Siku moja nikamuona Maganga kwa mbele, nikatupa baiskeli ukutani nikazama kwenye saluni ya akina mama. Nikakaa kwenye benchi na bahasha zangu za ofisi. Msusi akaniuliza, "Kaka, tukusuke nini?" Nikasema nasubiri mtu.

Maisha gani hayo.

Nikiwa kwenye hali hiyo, mama akafariki. Homa ya siku chache tu, habari ikanifikia, na nafika nimekuta ameshafunikwa.

Kilichoniumiza zaidi zilikuwa sifa. Kila anayekuja kunipa pole anaangalia juu. "Mama yako amekufa amestarehe, chini ya bati la mwanawe." Wajomba nao, ambao kwetu ndio wenye kauli, wakasema mbele za watu kwamba nimeupa ukoo heshima. Nikawa naitikia ahsante huku roho inanisuta. Mama alikuwa amekufa akiamini kitu ambacho si kweli, na ikijulikana, wa kwanza kuchekwa angekuwa yeye, kaburini.

Siku ya kuanua tanga tumekaa uani, ikapanda pikapu inayokuja kubeba machungwa. Juu imefungwa ngazi. Pembeni ya dereva amekaa Maganga.

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Akashuka, akaifungua ngazi yake, akaiegemeza kwenye nyumba ya mama na kupanda hadi ukingo wa paa. "Waluguru, poleni," akasema kwa sauti ya mnadani. "Marehemu ametangulia. Mimi nimefuata bati zangu ishirini na nne."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akina mama waliokuwa wanalia tangu juzi wakawa wanajifuta machozi ya kucheka. Mtani kaja msibani, wamemfurahia. Hakuna aliyejiuliza hiyo ishirini na nne kaitoa wapi. Mimi peke yangu nilijua.

"Shuka mtani, tutakulipa," mjomba akamwambia.

"Mnilipe nini? Ninyi mna ndizi tu."

Basi watu wakaanza kuleta, kama desturi ya kumtuliza mtani. Sarafu kwenye kofia, mkungu wa ndizi, machungwa, mdalasini, bibi mmoja akaleta jogoo. Kila kitu anakikosoa. Chungwa hili limenuna kama mwenye shamba. Jogoo huyu amekonda kwa kula mboga za Waluguru. Watu hoi.

Mimi nimesimama chini ya ngazi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme kweli, yaishe. Akaniangalia kutoka kule juu, mara moja tu. Halafu akapiga bati kwa kiganja, mara tatu.

"Bati nzuri," akasema. "Aliyeezeka hapa amemtunza mama yake."

Akashuka.

Wakati tunapakia mizigo ndipo akanivuta pembeni. Sauti ya mnadani hana tena. "Pole sana kwa mama. Hivi vitu nikiviuza nitapunguza kwenye deni lako. Kilichobaki, duka unalijua lilipo." Akapanda kwenye pikapu, akachungulia dirishani. "Na pale saluni usiende tena. Hawasuki wanaume."

Jumatatu nilienda dukani na hela ya kununulia sigara mbili, akaipokea na kuiandika. Nikawa napeleka hivyo hivyo, kidogo kidogo, karibu miaka miwili. Siku moja nikamuuliza kama kweli angeng'oa.

"Wewe uliona nyundo?" akanijibu.

Bati la mwisho alikataa kupokea hela yake. "Hili niachie. Nikilichukua, msiba wako nitakuja kudai nini?"

Jana nimeenda kwa mpwa wangu, nimemwambia awashe simu na aende kwa wanaomdai, hata kama hana cha maana mkononi. Mimi kulipa hakukunitesa, kukwepa ndiko kulikonitesa. Na ninyi mnaodai watu, dai lako dai, ila mtu mwachie uso wake. Wajomba wangu mpaka leo wanasimulia habari ya yule Mnyamwezi kichaa aliyekuja na ngazi. Hawajui, na kwa kuwa humu hawaingii, naomba msinichome.

Wenye visa vya kudaiwa tupeni, na wenye majibu ya kumtoa huyu kijana kwenye makucha ya hao wa simu pia naomba. Nimalizie la Maganga.

Alitangulia yeye, hapo hapo mjini. Nilikodi bajaji, ngazi tukaifunga juu. Vijana wake walitaka kunizuia getini, maana hawanijui na nguo zangu si za mtu wa maana. Mkewe akatoka. Akaniangalia, akaiangalia ngazi, akacheka mpaka wakamshika mabega, halafu akalia.

Nikapanda mpaka ukingo wa paa. Nikawaambia nina deni la bati moja la marehemu, kwa bei ya leo, na sishuki mpaka walipokee.

Nyundo sikuwa nayo.