Wajane wa Barabara ya Kibiti

Juzi nililetewa habari kutoka Mtunda kwamba amefariki yule bibi niliyefanya naye kazi ya barabara ya Kibiti, baada tu ya Vita vya Maji Maji. Mungu amrehemu. Wasomaji wangu mmezoea kuniona nikiwaaga wakubwa katika safu hii. Leo namuaga mbeba udongo, na sitaomba radhi.

Vita vilikuwa vimekwisha, njaa bado. Wanaume tulibaki wachache, na mume wake alikuwa miongoni mwa waliouawa. Basi wajane wakaja kujenga tuta la barabara. Sisi tulichimba, wao wakabeba udongo kichwani kwa vikapu tangu alfajiri. Siku ya malipo wakapewa nusu ya ujira wetu. Wenzake wakaondoka, yeye akabaki mbele ya msimamizi aliyewekwa na Wajerumani.

"Mbona nusu, bwana?"

"Mwanamke analishwa na mumewe."

"Wangu mmemuua. Sasa ananilisha nani, wewe?"

Msimamizi akacheka, akasema kubeba ni kazi nyepesi, wanawake wamezaliwa nayo. Kesho yake wajane wote wakaja, wakaketi chini bila kugusa vikapu. Tukachimba mpaka udongo ukatujaa miguuni, hauna wa kuuondoa. Msimamizi alikuwa na kiboko mkononi, na tulikwisha kuona watu wakinyongwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini masika yalikuwa yanakaribia, na tuta lisipokwisha lingesombwa. Adhuhuri msimamizi akamwita yule bibi pembeni, akamwahidi ujira kamili, yeye peke yake.

Alijibu kwa sauti ili sote tusikie: "Wote, ama ubebe mwenyewe!"

Hapo nasi tukaweka majembe chini. Jioni ile wanawake walilipwa sawa nasi. Yeye alifukuzwa. Alijifunga kaniki yake vizuri, akashika njia ya Mtunda kwenda kulima muhogo wake, wala hakugeuka nyuma.

Hadi leo nawasikia mabwana wa mashamba na wa maofisini wakisema mwanamke hulipwa kidogo kwa sababu kazi yake ni nyepesi. Uongo. Kazi huitwa nyepesi kwa sababu anaifanya mwanamke, naye huitwa tegemezi hata akiwa analisha nyumba nzima. Tena akitoka kazini anakwenda kutwanga, na hakuna anayeuliza malipo ya kutwanga. Haki ya namna hii haiji kwa huruma ya mwenye kulipa. Huja pale anayepunjwa anapokataa, na sisi tuliopewa zaidi tunapokataa pamoja naye.