Nyumba ya Kifungua Mimba

Sevasti alimtangulia Rigopoula duniani kwa miezi kumi na minne tu, na miezi hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu. Kule Olimpo, kijiji kilichong'ang'ania mgongo wa mlima kaskazini mwa kisiwa cha Karpathos, mali ya mama humwendea binti kifungua mimba: nyumba, mashamba, mizeituni, mpaka mkufu wa sarafu za dhahabu. Wa pili hupewa jembe. Rigopoula, akiwa mdogo, alidhani ndivyo dunia nzima inavyokwenda.

Sevasti alipoolewa, wazazi walihamia kibanda cha nyuma wakamwachia nyumba. Rigopoula akabaki humo kama kimojawapo cha vyombo. Dada na shemeji walilala juu ya jukwaa la mbao, yeye sakafuni. Alfajiri alivaa buti zake za ngozi, akamtandika punda, akashuka Avlona, kwenye mashamba ya kijiji, kulima shayiri ya dada yake.

Aliyemshonea buti hizo alikuwa Minas, kijana mpole mwenye vidole vilivyojaa gundi. Jumapili moja Minas alichana nywele akaja kwa mama yao.

"Nimekuja kumposa Rigopoula."

"Utamweka wapi? Hana nyumba huyu."

"Nitapanga chumba kule bandarini."

"Mwanamume kumpangia mke chumba, umeyaona wapi?" mama alisema. "Na shayiri ya Sevasti ataivuna nani? Wewe na sindano yako?"

Rigopoula alikuwa nyuma ya mlango, mikono imo kwenye unga. Alingoja aitwe aulizwe. Hakuna aliyemwita.

Minas akapanda meli kwenda Amerika. Mwaka uliofuata ilikuja barua. Rigopoula hakujua kusoma, akampelekea dada yake. Sevasti aliipitia yote kimya, kisha akaikunja.

"Anasema huko kuna baridi."

Barua ilikuwa ya kurasa mbili.

Watoto wa Sevasti walipofika umri wa shule kubwa, yeye na mumewe walihamia Pirea, mji mkubwa wa bandari ng'ambo ya bahari. "Nitunzie nyumba, mdogo wangu," alisema, na Rigopoula aliitunza miaka thelathini na minane. Aliwazika wazazi. Aliipaka nyumba chokaa kila Pasaka. Mikebe ya mafuta ya zeituni aliituma Pirea kwa meli, na mikebe mitupu ikarudi.

Barabara ilipotiwa lami wageni walianza kumiminika. Walipiga picha vinu vya upepo, kisha wakampiga yeye akitoa mikate kwenye tanuri la nje, na kilemba chake na aproni yake ya maua. Picha moja ikawa kadi ya posta. Foula, jirani mwenye duka, aliitundika mlangoni.

"Rigopoula, leo nimekuuza mara sita."

"Nani kaninunua?"

"Wajerumani wanne na Waitaliano wawili."

"Haya. Afadhali nitembee mahali."

Sevasti alifia Pirea, akazikwa huko huko. Masika yaliyofuata akaja Kalliopi, binti yake wa kwanza, na fundi mwashi nyuma yake.

"Mama mdogo, nataka kufanya vyumba vya wageni. Wanapenda sana kulala pale jukwaani."

"Na mimi?"

"Kuna ghala la chini. Nitakutobolea dirisha."

"Ghala lina unyevu, mwanangu."

"Basi nenda Avlona, kwenye kile kibanda cha mavuno. Lakini kiangazi nitakuhitaji tanurini, na nguo zako hizi hizi. Lile sweta la bluu usilivae, linaharibu."

Rigopoula alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akakaa ukingoni mwa kiti. Aliuliza kama kuna karatasi yoyote yenye jina lake. Yule bwana alifungua makabati mawili, akatafuta kwa dhati.

"Kuna cheti chako cha kuzaliwa, bibi."

"Basi?"

"Basi. Usinitazame hivyo. Mimi mwenyewe naishi kwa mke wangu."

Oktoba alihamia ghalani. Dirisha lilitobolewa kweli, likatazama mwamba. Kikohozi kilimwingia kabla ya Krismasi na hakikutoka tena. Kiangazi kilipokuja alikaa tanurini kama alivyoagizwa. Sikukuu ya Bikira Maria, kijiji kizima kilicheza kwenye ua wa kanisa, Kalliopi katikati ya mstari, mkufu wa dhahabu ukimlialia kifuani. Foula alimletea Rigopoula sahani ya nyama ya mbuzi.

"Njoo ucheze hata mzunguko mmoja."

"Nani atatoa mikate?"

Septemba Kalliopi aliondoka na funguo za juu. Desemba upepo ulifungua dirisha la juu, ukaingia ndani. Rigopoula, amelala ghalani na homa, alisikia sahani za ukutani zikianguka, zile ambazo mabaharia wa ukoo walizileta kutoka Uturuki na Misri. Kila moja aliijua kwa mahali ilipoangukia: yenye samaki, yenye tausi, ya bluu ya bibi yao. Alimwomba Foula ampigie Kalliopi simu.

Foula alirudi akifuta miguu mlangoni.

"Anasema atakuja Pasaka."

"Dirisha je?"

"Hilo hakusema."

Juu sahani nyingine ilianguka. Rigopoula akavuta shuka mpaka kidevuni, akageukia ukuta.