Ajenda ya Nne

Kwa miaka kumi na tisa Dokta ndiye aliyeandika kumbukumbu za vikao vya idara ya historia. Msiniulize alichaguliwa lini. Siku yake ya kwanza kazini mkuu wa idara alizungusha macho mezani, akaona wanaume saba na mwanamke mmoja, akasema, "Dada, wewe una mwandiko mzuri." Mwandiko wenyewe alikuwa hajauona. Usomi huo!

Basi Dokta akaandika vikao vyao, na muda uliobaki akawatafuta wanawake waliofua nguo za mji ule enzi za bibi yake. Kwenye chumba cha nyaraka alikuta majalada ya wenye nyumba, ya mabwana afya, hata ya mbwa waliokatiwa leseni. Mbwa walikuwa na majina. Wanawake waliandikwa "mke wa" fulani, yakaisha. Ikabidi awafuate waliokuwa hai bado, vikongwe sitini na watatu, akakaa nao mikekani mpaka kitabu kikatoka. Mkuu wa idara akakipima uzito kiganjani. "Kizuri, ila haya ni mazungumzo ya mabibi. Hati iko wapi? Pasipo hati hapana historia."

Ndivyo lilivyokataliwa ombi lake la kwanza la uprofesa, na la pili vilevile. Na kanuni za chuo hazina mchezo: ukikataliwa mara tatu, huombi tena mpaka unastaafu.

Mama yake, aliyefua nguo za watu hadi binti akasoma, alikuwa amechoka kungoja. "Mwanangu, huo uprofesa mnaupikia kuni mbichi? Macho yangu ndiyo hayo yanaondoka. Nataka nikuone na joho lako." Dokta alicheka, kisha akaenda jikoni akalia.

Ombi la tatu lilikuwa ajenda ya nne, kikao cha Jumanne. Ilipofika, Dokta aliombwa kwa heshima zote atoke nje, maana anayejadiliwa ni yeye. Aliacha daftari la vikao mezani na kalamu juu yake, akakaa kwenye korido saa nzima akisikiliza vicheko.

Kesho yake asubuhi mkuu akaingia ofisini kwake bila hodi, uso umejaa huruma ya kuazima.

"Pole sana, dada. Wajumbe hawakuridhika. Ni lile lile, hati." Akaweka daftari mezani. "Sasa utuandikie na hiyo ajenda ya nne, utawala wanaitaka mchana. Wewe unatujua tunavyozungumza."

Jamani! Yaani achimbe kaburi, ajilaze humo, na udongo ajifukie mwenyewe. Hasira zilimpanda Dokta mpaka masikio yakawaka. Akafungua daftari. Chini ya ajenda ya nne palikuwa peupe pe. Wasomi saba, kalamu iko mbele yao, na hakuna aliyedhani inamhusu.

"Mkuu, mimi sikuwemo."

"Tutakusimulia."

"Masimulizi tena? Hati iko wapi?"

Mkuu akajikuna shingo. "Dada, acha utani. Tulijadili saa nzima! Mashahidi tuko saba!"

"Mimi nilikuwa nao sitini na watatu."

Akaandika maneno mawili, "Hakuna hati," akatia saini na kulipeleka daftari utawala kwa miguu yake. Huko wanajua jambo moja tu, nalo wanalijua sawasawa: uamuzi usioandikwa si uamuzi. Ombi likasikilizwa upya na watu wa nje ya idara, waliokisoma kitabu badala ya kukipima. Likapita.

Siku ya joho mama yake hakuona kitu zaidi ya ukungu mwekundu. Akalishika kwa vidole, akapapasa pindo, akanusa mkono wa joho kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenziwe.

"Limefuliwa vizuri hili," alisema. "Kalifua nani?"

Profesa hakuwa ameuliza.