Isale kwenye Waya

Juzi fundi alitoboa ukuta wa nyumba yangu Shirimatunda ili avute waya wa intaneti hadi chumbani kwa mwanangu. Vumbi la saruji likanirudisha Kibosho, alasiri ile baba alipovuta waya kama huo kutoka sebuleni hadi chumba cha bibi, ambaye miguu ilikuwa imemgomea.

Sikutulia. Niliingia, nikatoka, nikaufuata waya kwa kidole ukutani, huku jikoni ndizi zikitokota, nikingoja baba mdogo apite ndani ya waya huo. Alikuwa ng'ambo, angepiga simu ya video kwenye kompyuta ya baba, na hakuwa ameongea na bibi tangu wagombane.

Bibi naye hakutulia.

"Kaniletee isale," aliniambia.

Nilikimbia hadi mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, ambako isale hupandwa kuwa alama ya mpaka, nikachuma jani moja refu. Akalipiga fundo, akalifunga kwenye waya, karibu na kompyuta.

"Bibi, umeweka mpaka ili nisiuguse?"

"Nyamaza, mjukuu wangu."

Sikujua bado kwamba kwetu anayeomba msamaha hutanguliza isale, na anayepelekewa hakatai. Uso wa baba mdogo ulipotokea kwenye kioo cha kompyuta, bibi aliuinua ule waya wenye isale. Baba mdogo aliliona lile jani, akavua kofia.